Nchi ya Maji Pelusidi

Mwenye ramani aiweke kando, maana nchi hii hataikuta humo. Ipo, watu wake wapo, na kodi wanalipa, ila jina lake limebadilishwa mara nyingi kwa heshima ya viongozi wake hata wachoraji wa ramani wakachoka. Basi tuiite Nchi, kama wanavyoiita wenyewe. Msimulizi hana ugomvi na mtu wa huko. Anasimulia tu yaliyompata Mwasiti binti Kibao, mshona kofia wa Kata ya Chururu, na mwanawe Shani, na jinsi neno moja la Kiingereza lilivyowaingilia nyumbani bila hodi.

Neno lenyewe lilikuja na mgeni. Balozi wa nchi moja ya baridi alialikwa Ikulu kula chakula cha mchana. Akamiminiwa maji, akainua glasi yake kuelekea dirishani, akatazama, akatabasamu, akasema kwa lugha yao kwamba maji haya ni pelusidi. Kiongozi wa Nchi, Baba Mwangaza, akaacha kutafuna. Hakuna waziri aliyelijua neno lile, wala hakuna aliyekuwa tayari kuonekana halijui, kwa hiyo wote wakakunja uso kama watu waliotukaniwa mama zao. Mhudumu aliyemimina maji akashikwa mkono, akatolewa kupitia mlango wa jikoni, na mpaka leo mkewe anaambiwa yuko kozi.

Ndipo akatafutwa msomi mmoja, Dakta Mtapwile, aliyesomea Kiingereza huko huko kinakotengenezwa. Dakta akaeleza kwamba neno lile si tusi, ni sifa. Husemwa kwa kitu kinachopitisha mwanga hata ukaona upande wa pili, kama maji ya chemchemi au kioo kilichofutwa vizuri. Baba Mwangaza alifurahi mno, akamfanya Dakta mkurugenzi papo hapo, mkurugenzi wa taasisi ambayo ilikuwa bado haijaundwa. Kesho yake redio ikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo maji yote ya Nchi ni pelusidi. Hakuna aliyekumbuka kusema kwamba maji ya mezani siku ile yalikuwa ya chupa, na chupa zenyewe alikuja nazo balozi.

Wachache wenye tabia ya kuuliza waliuliza: mbona tusiseme tu maangavu, neno ambalo tunalo tangu enzi na enzi? Wakajibiwa kwa upole kwamba neno maangavu limechunguzwa na wataalamu na limeonekana halifai. Kasoro yake ni kwamba kila mtu analielewa, na neno linaloeleweka na kila mtu humpa kila mtu nafasi ya kubisha.

*

Sasa ikabidi kipatikane kipimo. Maabara zina mambo mengi, na watu wa maabara wana ubishi, kwa hiyo Taasisi ya Taifa ya Pelusidi ikabuni utaratibu mwepesi. Kila kata ilipewa glasi moja na picha moja kubwa ya Baba Mwangaza. Kila mwezi unapoandama, watu wanakusanyika kwenye ofisi ya kata kwa ajili ya Siku ya Glasi. Maji yanatekwa mtoni, yanatiwa kwenye glasi, glasi inawekwa mbele ya picha, na Mtazamaji wa kata anainama na kutazama picha kupitia maji. Akimwona Baba Mwangaza, maji ni pelusidi. Asipomwona, sheria imesema vizuri kabisa: kata hiyo ipelekewe boza la maji safi kutoka mji mkuu kila siku, mpaka mto utakapotengenezwa.

Maboza yalinunuliwa. Yalikuwa malori mapya, meupe, yamepangwa uwanjani, na kila asubuhi yalioshwa. Lakini hayakuwahi kutoka hata moja, kwa sababu katika Nchi nzima hakutokea Mtazamaji aliyesema hamwoni Baba Mwangaza. Wewe ungesema?

Mtazamaji wa Chururu alikuwa ni huyu Mwasiti. Alichaguliwa kwa ajili ya macho yake, maana mtu anayetoboa vitundu vya kofia kwa sindano siku nzima bila kujichoma si mtu wa kawaida. Mtendaji wa kata, Bwana Lukwaro, alisema kata haitapata jicho kama lile. Na mwanzoni kazi ilikuwa ya raha, kwa kuwa Mto Chururu ulikuwa unaonyesha mpaka kokoto za chini. Halafu shemeji wa waziri mmoja akajenga kiwanda cha ngozi huko juu, na bomba la kiwanda likaelekezwa mtoni. Mto ukageuka rangi ya chai ya maziwa iliyolala, na juu yake utando, na harufu ambayo mgeni aliipata kabla hajaiona kata yenyewe. Mwasiti akaendelea kuinama, kutazama, kuinuka na kusema neno lake.

"Namwona."

Na watu wote wakaitikia kama utaratibu unavyotaka: "Naye anatuona."

Msimwone Mwasiti mwongo. Sura ile ilikuwa kwenye noti, kwenye madaftari ya shule, kwenye kanga aliyojitanda; hata ukifumba macho ulikuwa unaiona. Mzee Pazi, msokota kamba, kipofu wa tangu kuzaliwa, aliwahi kuulizwa kwa mzaha siku moja kama naye anamwona, akajibu bila kusita, "Namwona, na leo amependeza." Akapewa fulana.

*

Shani alianza kwa kuumwa tumbo. Watoto huumwa matumbo, na mama yake akampa majani aliyopewa yeye utotoni. Kisha midomo ikaanza kubanduka, kisha mtoto akawa anatapika kila anachokunywa, na asubuhi moja Mwasiti alipomchana, nywele zikabaki kwenye chanuo. Akakaa chini na lile chanuo mkononi. Hofu iliyomwingia siku ile haikumtoka tena.

Alichemsha maji, harufu ikazidi na rangi ikabaki pale pale. Aliyachuja kwa kitambaa, kitambaa ndicho kilichoharibika. Visima vya kata vilikuwa vimefukiwa kwa amri, kwa kuwa kuwa na kisima kando ya mto pelusidi ni kuudharau mto. Maji ya chupa nayo yalikuwa yamepigwa marufuku Chururu kwa sababu hiyo hiyo, na mvua ilikuwa bado mbali. Akambeba mtoto mgongoni mpaka zahanati.

Tabibu, Bwana Chambuso, alimpima Shani, akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Mama Shani, mtoto huyu anataka maji mengine."

"Mengine yapi?"

"Mengine. Sijasema kitu juu ya haya. Haya ni pelusidi. Mimi nasema mengine."

"Na nisipoyapata?"

Bwana Chambuso akatazama ukuta. "Yule mtoto wa Bi Tausi mlimzika kabla ya kuvuna au baada ya kuvuna?"

"Kabla."

"Basi na yeye alianza na nywele," akasema. "Niliandika kwamba amekufa kwa kukataa maji. Ndivyo tulivyoelekezwa tuandike."

Mwasiti alitoka pale. Mtoto mgongoni alikuwa mwepesi mno, na wepesi ule ndio uliomuumiza zaidi, maana mwezi uliopita alikuwa akilalamika kwamba Shani amekuwa mzito wa kubebwa. Njia nzima alikuwa akiomba, si kwa maneno, anaomba tu. Alipofika nyumbani alikuwa ameamua. Akamwacha Shani kwa Bi Tausi, jirani yake, ambaye alimpokea mtoto bila kuuliza kitu akamlaza pale pale alipokuwa akimlaza wake. Mwasiti akajifunga kanga, akaenda mji mkuu.

*

Taasisi ya Taifa ya Pelusidi ni jengo refu la vioo vyeusi. Waliomo ndani wanaona nje. Walio nje wanajiona wenyewe. Mwasiti alijiona akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, akajifuta, akaingia.

Mapokezi walimweleza kwamba Taasisi ina idara za maana ya neno, asili ya neno na matumizi ya neno. Idara ya Maana ilikuwa imefungwa, kwa kuwa maana ni siri ya serikali. Idara ya Asili haikuwa na mtu. Neno lilionekana lina asili ya Kilatini, kwa hiyo idara nzima ilikwenda Roma kuitafuta hiyo asili, na kwa kuwa walikuwa bado hawajaipata walikuwa wameomba waongezewe muda na posho. Iliyobaki ni Idara ya Matumizi, na humo alikuwemo Dakta Mtapwile mwenyewe.

"Karibu, mama, keti," akasema Dakta. Alikuwa mtu wa adabu, suti yake imenyooshwa, sauti yake imenyooshwa vile vile. "Umekuja kwa maana, kwa asili au kwa matumizi?"

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto, Dakta."

"Mtoto hayumo katika muundo wetu. Tuseme umekuja kwa matumizi." Akakohoa kidogo, akaweka mikono nyuma. "Neno hili, mama, ni neno lenye ukoo. Warumi walikuwa na neno lao la kung'aa, wakalitanguliza neno la kupitia. Kung'aa kwa kupitia. Nuru inaingia huku, inatokea kule, bila kuzuiwa. Walilisema kwa vito, na kwa vitambaa vyepesi vya wanawake wao, samahani. Waingereza wakalichukua wakalitumia kwa maji, kisha kwa maandishi. Mtu akiandika jambo ukalielewa bila kupapasa, husema maandishi yake ni pelusidi. Unanifuata?"

"Nakufuata, Dakta. Maji yetu ni meusi."

"Hapo ndipo sisi tulipowapita. Warumi na Waingereza wanalitumia kwa kitu kinachoonyesha. Sisi tunalitumia kwa mtu aliyekubali kuona. Ni hatua kubwa sana katika historia ya neno. Nimealikwa kuisemea nje ya nchi."

"Na asiyeona je?"

"Kasoro ni ya jicho. Maji hayana jicho, mama, kwa hiyo hayawezi kukosea."

Mwasiti alitaka kujibu, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kunaswa na kitu. Pembeni ya chumba palikuwa na kabati la kioo, ndani yake glasi yenye maji nusu, na nyuma yake amesimama askari. Mwasiti akasogea. Kupitia yale maji aliviona vifungo vya shati la askari, akauona mpaka uzi ulioshonea kifungo, na namna ulivyozungushwa vibaya na mtu asiyejua kushona. Alikuwa amesahau kwamba maji hufanya hivyo.

"Dakta, naomba hayo."

"Hayo?" Dakta akacheka kwa mshangao. "Hayo ni Sampuli ya Taifa. Ndiyo yale ya balozi."

"Yanafanya nini hapo?"

"Yanathibitisha."

Mwasiti akapiga magoti. Akasema, "Baba yangu, nina mtoto mmoja. Nimezaa wanne, nimebakiwa na huyu. Nipe funda tu, nimpelekee kwenye kichupa. Mimi nimekutazamia maji yako miaka yote hii, sijakuangusha hata mwezi mmoja. Leo nisaidie na mimi."

Askari akatazama juu. Dakta Mtapwile akaona haya, maana hakuwa mtu mbaya, na watu wasio wabaya huona haya upesi. Akatafuta cha kumpa. Akamkabidhi kalenda ya mwaka ule, ya karatasi nzito, yenye picha ya Baba Mwangaza kila mwezi, akamsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni.

*

Siku ya Glasi ilimkuta Mwasiti hajalala. Shani alikuwa haketi tena. Analala, na ukimwita anachelewa kugeuka. Bi Tausi alikuwa amekaa naye, na kabla Mwasiti hajatoka akamwambia, "Nenda, shoga yangu. Mimi mwaka jana niliitikia kama wengine. Niliitikia mpaka siku ya kumzika."

Ofisi ya kata ilijaa. Bwana Lukwaro alisoma hotuba iliyotoka makao makuu, inayosema kwamba Nchi imepiga hatua, na kwamba hatua yenyewe ni pelusidi. Glasi ikajazwa maji ya mto, ikawekwa mbele ya picha. Mwasiti akainama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, na watu wakaanza kukohoa. Kwenye glasi palikuwa na ukahawia mzito na kitu kama unywele kinachozunguka polepole. Akatafuta sura. Kwa mara ya kwanza alitafuta kweli. Akainuka.

"Simwoni."

Watu walikuwa wamekwisha fungua midomo kuitikia, wakabaki nayo wazi. Bwana Lukwaro akatabasamu kama mtu aliyesikia hodi ya mdai.

"Tazama tena, dada Mwasiti. Labda jua."

"Nimetazama. Simwoni. Naona uchafu tu."

Jasho likamtoka Bwana Lukwaro. Mtendaji ana watoto pia, na kazi aliipata kwa shida. Akatupa macho huku na huku akitafuta mtu wa kumwokoa, yakaangukia fulana ya Mzee Pazi. "Mzee wetu," akasema kwa sauti ya kubembeleza, "wewe humwona siku zote. Hebu waambie watu."

Mzee Pazi aliletwa mbele, akaongozwa mpaka kwenye glasi, akainama kwa taratibu zote. Alikaa pale akiisikiliza kwa pua. Alikuwa amemsokotea Shani kamba ya kuruka, na tangu mtoto augue hakusikia tena vishindo vyake uani.

"Leo kuna jambo la ajabu," akasema. "Hata mimi simwoni."

Kuna mtu alicheka, akajiziba mdomo. Kisha mama mmoja nyuma kabisa akasema naye hamwoni. Mumewe akamvuta kanga, halafu akamwachia, akasema na yeye, kwa kweli, tangu kiwanda kije hajamwona sawasawa. Kikawa kama kikohozi msikitini, kimoja kinaita kingine. Chururu nzima haikumwona Baba Mwangaza. Wengine walikuwa wakilia wanaposema, na hawakujua wanalia kwa hofu au kwa nafuu. Bwana Lukwaro alibaki mwisho. Akachungulia kwenye glasi, akameza mate, akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa vile yeye ni mtumishi wa watu, anaona wanavyoona watu.

*

Nchi haikukasirika. Hapo ndipo ubora wake ulipoonekana. Mawaziri walikaa, wakajiuliza: maji ni pelusidi, jambo hilo limeshatangazwa, na watu hawamwoni Baba Mwangaza. Basi ugonjwa uko wapi? Uko machoni. Redio ikatangaza kwa masikitiko kwamba Kata ya Chururu imeingiliwa na maradhi ya upofu, na kwamba Baba Mwangaza, kwa huruma zake, ametoa boza moja la maji safi lipelekwe huko kila siku, kwa ajili ya kuosha macho.

Kwa kuosha macho tu. Iliandikwa ubavuni mwa boza kwa herufi kubwa kwamba si ya kunywa. Watu walipanga mstari na mabeseni, wakainamisha nyuso, wakajimwagia huku askari akiangalia, na maji yaliyodondoka yakakingwa na kila chombo kilichokuwepo. Mwasiti aliosha macho mara nyingi kuliko mtu yeyote. Alirudi nyumbani na kanga imelowa maji safi, akaikamulia kikombeni, akamnyanyua Shani kichwa, akamtia maji mdomoni tone kwa tone. Mtoto akayameza. Mama akasubiri yarudi. Hayakurudi.

Baada ya majuma Shani akaketi. Kisha akaomba ugali. Siku alipomkuta uani akijaribu kuruka kamba na kuanguka na kucheka, Mwasiti alijificha nyuma ya choo akalia mpaka akashika tumbo.

Lakini upofu nao una taratibu zake, na Nchi ni ya taratibu. Kipofu haendeshi cherehani, kwa hiyo cherehani ya Mwasiti ilichukuliwa, na sindano zake. Kipofu hasomi, kwa hiyo madaftari ya watoto yalikusanywa na shule ikageuzwa ghala la kiwanda. Kipofu hapigi kura peke yake. Akaletwa kijana wa chama wa kumshika mkono kila mtu. Kipofu si shahidi wa kitu alichokiona, na shemeji wa waziri alipolisikia hilo alilipanua bomba lake, akawa anamwaga uchafu hata mchana. Watu wa Chururu walijifunza kutembea na fimbo wakimsikia mgeni, kugonga ukuta kidogo wanapoingia dukani, na kumsalimia mtu baada ya kumgusa kwanza. Mzee Pazi akawa mwalimu wao, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa na uzoefu. Aliwafundisha kwa uchungu, na wala hakumcheka mtu.

Wote walijua jambo moja: siku watakapopona, boza litaondoka.

Kwa hiyo zilipokuja habari kwamba Dakta Mtapwile anakuja mwenyewe kupima maendeleo ya wagonjwa, na kwamba atawapima watoto, kata nzima ilikosa usingizi. Watoto hawajui kudanganya, Dakta alikuwa amesema, kwa kuwa yeye hakuwahi kuzaa.

Mwasiti alimkalisha Shani kwenye mkeka. "Atakuuliza unaona nini. Utasema sioni."

"Kwa nini, mama?"

"Ili upate kunywa."

"Na nikiona?"

"Usione."

"Hata nikiwa na Mzee Pazi?"

"Hata na Mzee Pazi."

"Hata tukiwa mimi na wewe?"

Mwasiti alikuwa amechoka, na hofu ilikuwa imempanda kichwani, na alijua mtoto akizoea kuona nyumbani ataona na barazani. "Usione popote, Shani," akasema kwa ukali. "Husikii watu wanavyoitikia? Anatuona."

Shani akatikisa kichwa kwamba amesikia.

*

Dakta alikuja na ile picha na glasi mpya, na ndani ya glasi alitia maji ya boza. Alieleza kwamba anataka kumrahisishia mgonjwa. Kumbe kweli alikuwa mtu wa elimu, maana kupitia maji yale Baba Mwangaza alitokea vizuri kuliko alivyopata kutokea popote. Mwasiti alikuwa amesimama mbali, ukutani, na alikiona hata chunjua kilichokuwa kando ya pua yake, ambacho hakimo kwenye noti. Ndipo akajua kwamba wamekwisha. Hakuna mtoto anayeweza kuyatazama maji kama yale asiseme.

Shani akaitwa kwanza. Akaenda akipapasa, akasimamishwa mbele ya glasi.

"Haya, binti mzuri," akasema Dakta. "Unaona nini?"

Shani aliielekezea glasi uso wake. Macho yake hayakusimama juu yake. Yalipita, yakaenda zao.

"Sioni."

"Hata mtu? Mtu mkubwa, anacheka?"

"Sioni."

Dakta akachomoa kalamu mfukoni, akaisukuma ghafla kuelekea jicho la mtoto, akaizuia karibu kabisa na kope. Watu waliguna. Shani hakupepesa. Mwasiti akahisi baridi kuanzia utosini, kwa sababu lile hakumfundisha, na Mzee Pazi alipoulizwa baadaye akaapa kwamba naye hakumfundisha.

Dakta aliridhika. Aliandika kwamba maradhi ya Chururu ni ya kweli na yameingia kwa kizazi kipya, na kwamba boza liendelee. Ripoti yake ilisomwa Ikulu, ikaeleweka na kila mtu bila kupapasa, na Baba Mwangaza mwenyewe akaisifu kuwa ni pelusidi.

Mchana ule kata ilisherehekea kimya kimya, milango imefungwa. Mwasiti alimimina maji kwenye kikombe kisafi, hayana utando, hayana harufu, chini ya kikombe unaliona ua lililochorwa. Akakiweka mezani mbele ya mwanawe. Akafunga mlango, akavuta pazia, akamkumbatia.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Umetuokoa wote. Sasa basi, tazama. Tuko wawili tu. Tazama hilo ua."

Shani hakugeuza uso. Alikuwa anatazama ukutani, mahali pasipo na kitu.

"Si anatuona, mama?"

Mwasiti alifungua mdomo kusema hapana. Akayashusha macho, akaiona kanga aliyojitanda, na sura iliyochapwa juu yake, inamtazama kutoka kifuani pake. Akafunga mdomo.

Mkono wa mtoto ukapapasa mezani, ukakipita kikombe, ukarudi polepole, ukakipata. Akanywa maji yote.